Joho jekundu la sufu: kulishona kwa mkono kama mafundi wa Uingereza wa karne ya 18

Kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji akukatie kona ya kitambaa, hata ya ukubwa wa stempu. Shika ukingo uliokatwa, usugue kwa ukucha mara kumi huku ukivuta. Nyuzi zikianza kutoka, rudisha kitambaa mezani, ondoka. Ukingo ukibaki umeshikamana kama ukingo wa ngozi, hapo umepata kitambaa cha joho refu lenye kofia, na nusu ya kazi imekwisha kabla hujatia uzi kwenye sindano.

Nasema hivi kwa sababu joho langu la kwanza lilinishinda hapohapo. Nilikuwa nashonea kikundi cha maigizo hapa Arusha. Nikanunua sufu nzuri ya suti, nyembamba, nikaikata nusu duara, kisha nikaanza kukunja upindo mita nne na zaidi kuzunguka ukingo. Upindo ulikakamaa ukajipinda kwa juu kama ukingo wa sinia. Nikafumua, nikapunguza, nikapiga pasi, wapi. Baadaye nilipotazama kwa makini picha za majoho yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya Uingereza na Marekani ndipo nikaona jambo ambalo lingeniokoa: mengi hayana upindo kabisa. Ukingo umekatwa kwa mkasi, ukaachwa hivyohivyo. Umekaa hivyo miaka zaidi ya 200 na haujafumuka.

Siri ni jinsi kitambaa kilivyotengenezwa. Mfumaji alikifuma kipana kupita kiasi, kisha kikapelekwa kwenye kinu cha maji, kikalowekwa na kupigwa kwa nyundo kubwa za mbao pamoja na udongo wa kunyonya mafuta. Sufu ina magamba madogo kwenye kila unywele. Ikipata maji, joto na kipigo, magamba hayo hunasana na kitambaa hurudi, huwa kizito na kushikamana. Baada ya hapo waliinua vinyweleo vyake kwa vichwa vya mmea wenye miiba, wakavikata kwa mikasi mikubwa hadi uso ukawa laini, mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana) usionekane. Mji wa Stroud, katika jimbo la Gloucestershire, ulijulikana sana kwa kitambaa hiki, hasa chekundu. Wekundu wa bei ya juu ulitoka kwa kochinili, mdudu mdogo wa Mexico aishiye juu ya mpungate, na rangi yake ilikolezwa kwa dawa ya bati. Ugunduzi huo unahusishwa na Mholanzi Cornelis Drebbel, karne ya 17. Wekundu wa bei nafuu ulitoka kwenye mizizi ya mmea.

Kuhusu jina, hatuna haja ya kuazima. Joho ni ndugu wa jukh ya Kiarabu na çuha ya Kituruki, na maneno hayo yote mawili yana maana ya kitambaa cha sufu chenyewe. Kwetu pwani neno likabeba maana zote mbili, kitambaa na vazi linalovaliwa juu ya kanzu. Siku hizi mtoto akihitimu chuo anavaa joho, ingawa lile mara nyingi ni polista tupu. Hili tunaloshona ni la wanawake wa Uingereza na makoloni yake ya Amerika: refu, lina kofia, nyuma ya kofia marinda yametanda kama kipepeo cha kupulizia jiko. Waliliita pia kadinali, kwa ajili ya wekundu wa mavazi ya makadinali. Wanawake wa vijijini walivaa sana, hata inasimuliwa kwamba Februari 1797, wanajeshi wa Ufaransa waliposhuka karibu na Fishguard, Wales, waliona wanawake wa majoho mekundu kwa mbali wakadhani ni askari wa Uingereza. Hadithi imetiwa chumvi bila shaka, ila Wafaransa walijisalimisha kweli baada ya siku mbili.

Kitambaa utakipata wapi

Duka la vitambaa vya suti halikufai, utapewa sufu nyembamba au mchanganyiko. Kinachotakiwa ni sufu nzito, kiasi cha gramu 450 hadi 550 kwa mita moja ya mraba. Ukiagiza kutoka nje, sawa. Usipoagiza, nenda mitumbani ukatafute blanketi la sufu, yale mazito ya aina ya jeshi au ya hospitali za zamani. Shuka za Kimasai ziache, nyingi za sasa ni akriliki au pamba.

Hakikisha kwa moto. Chomoa nyuzi mbili, zishike kwa koleo, ziwashe juu ya sahani. Sufu huwaka kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake hupondeka kati ya vidole. Akriliki na polista huyeyuka, hudondoka, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji aliyeapa kwamba ni sufu tupu akiona kile kidonge huwa ananyamaza.

Blanketi likiwa sufu kweli lakini limelegea, likande mwenyewe: maji ya moto, sabuni ya kipande, usugue na kulipiga kwenye beseni, kisha maji baridi, kisha tena moto. Litarudi, kwa hiyo anza na kubwa kuliko unavyohitaji, angalau kwa sehemu ya tano. Rudia jaribio la ukucha likikauka. Kitambaa kilichonunuliwa kikiwa tayari kimekandwa usikifue. Kitandikie kitambaa chenye unyevu na ukipige pasi kotekote, kirudi kile kidogo kilichobaki.

Vifaa

Uzi wa kitani, mweupe au uliotiwa rangi, upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili kisha uupitishe kati ya vidole ili nta iyeyuke iingie. Uzi wa pamba wa jinzi utakufaa ukikosa kitani. Uzi wa hariri kwa sehemu zinazoonekana. Sindano fupi nyembamba, maana sindano nene hutoboa sufu tundu lisilojifunga. Kastabini (wengine mnaiita subana) usiidharau. Kusukuma sindano kwenye marinda manne ya sufu bila kastabini ni kutafuta kidonda. Pini ndefu, chaki ya fundi, futi, kamba isiyovutika, mkasi mkubwa ulionolewa. Kwa bitana ya kofia na mikanda ya ndani, hariri ya mita moja. Utepe wa hariri wa upana wa sentimita 2.5, mita moja na nusu. Kama hariri haipatikani, pamba laini ni bora mara kumi kuliko satini ya plastiki, ambayo hung'aa vibaya chini ya taa na kuvuta nywele.

Kupima na kukata

Joho hili ni nusu duara. Vipimo ninavyotoa ni vya mtu wa urefu wa sentimita 165 hivi, joho likiishia katikati ya muundi. Pima kutoka mfupa wa shingo kwa nyuma hadi unapotaka liishie. Kwangu ni 110. Ongeza 20, ambayo ni nusu kipenyo ya tundu la shingo. Jumla 130. Hiyo ndiyo kamba yako. Kitambaa cha upana wa 150 kitahitaji urefu wa mita 2.6, nunua 2.8.

Kikunje kitambaa katikati ya urefu wake, upande mzuri ndani, ili ncha mbili zikutane na kila ukingo wa kando ujilalie. Chagua kona moja ambapo mkunjo unakutana na ukingo wa kando. Kona hiyo ndiyo shingo. Kwanza kata mpaka wa kiwandani, ule wa kando wenye nyuzi ngumu, sentimita moja au mbili, maana ndio utakuwa ukingo wa mbele. Kisha piga pini kona mpya, funga kamba, funga chaki kwenye alama ya 130, zungusha robo duara. Rudia kwa alama ya 20. Pima tena kwa futi kwenye sehemu sita au saba za mstari, kwa sababu kamba hudanganya, hata ile isiyovutika.

Sufu nzito usiikate tabaka mbili kwa pamoja. Tabaka la chini hukatika kwa mshazari na ukingo huo hautafichwa na upindo. Kata la juu, tumia ukingo wake kuchora la chini, kisha ulikate peke yake. Mkasi ufungue wote, ukate kwa mikato mirefu, usisimame katikati ya mkato. Kila unaposimama unaacha jino.

Kwenye nusu duara vinyweleo vya kitambaa vitashuka upande mmoja wa mbele na kupanda upande wa pili. Hakuna dawa. Kwenye sufu iliyokatwa vinyweleo vizuri haionekani sana, kwenye blanketi lenye manyoya marefu itaonekana, na mimi hupenda kulichagua blanketi lililochakaa kwa sababu hiyo.

Kona mbili zilizobaki nje ya duara ndizo kofia. Kila moja itatoa kipande cha 45 kwa 36, ile 45 ikipanda kwa upana wa kitambaa na ile 36 kwa urefu wake. Ukiwa na blanketi la 150 kwa 200, tumia kamba ya 100 badala ya 130: utapata joho fupi la sentimita 80, ambalo nalo lilivaliwa sana, na ukanda wa 50 utakaobaki utatosha kofia nzima ya kipande kimoja cha 90 kwa 36. Huna haja hata ya kuunga.

Kuunga kofia

Waungaji wa zamani hawakuona aibu kuunga vipande; kitambaa kilikuwa ghali kuliko mkono wa fundi. Laza vipande viwili vya kofia vikiwa vinaelekea upande mmoja, vinyweleo vyote vielekee nyuma, ukutanishe kingo za 36. Usipandishe kimoja juu ya kingine. Vigusane tu, ukingo kwa ukingo.

Sasa shona kwa ndani. Sindano iingie kwenye unene wa kitambaa, nusu ya kina chake tu, itoke kwenye ukingo uliokatwa, iingie ukingo wa pili mahali panapolingana, itoke nyuma. Mishono mitatu kwa kila sentimita, usivute sana, kwani kingo zikipandana utapata tuta. Ukigeuza, usione uzi hata mmoja. Weka kitambaa chenye unyevu juu, bandika pasi ya moto bila kuiburuta, inua, kisha gandamiza papo hapo kwa kipande cha mbao laini hadi mvuke uishe. Ubao ndio unaolaza mshono. Pasi peke yake huacha sufu imevimba. Kisha sugua mstari kwa ukucha vinyweleo vifunike. Mara ya kwanza nilipofanikiwa nilimwomba jirani autafute mshono ulipo, akaonyesha mahali pengine.

Marinda ya nyuma

Hapa ndipo uzuri wa joho lote ulipo, na hapa pia ndipo watu wanapoharakisha.

Kunja kofia kwenye mshono ulioshona sasa hivi, upande mzuri ndani. Mkunjo uko utosini. Ukingo mmoja mrefu ni wa uso, uache. Ukingo wa nyuma, anzia chini shingoni, shona kupanda sentimita 22 kwa mshono wa kurudi nyuma (kila mshono unarudi nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele), sentimita moja kutoka ukingoni. Funga kwa nguvu hapo juu. Fungua mshono, upige pasi.

Juu ya hapo pana ukingo uliobaki wazi, sentimita 23 kila upande. Huo wote unatakiwa uishie kwenye nukta moja. Tia alama za chaki kila baada ya sentimita tatu kasoro kidogo, upate marinda manane kulia na manane kushoto. Kunja rinda la kwanza karibu na mwisho wa mshono, mkunjo uelekee juu, piga pini. La pili lilale juu ya la kwanza, ila kwenye ukingo tu. Kadiri unavyoelekea usoni marinda yaachane, kama njiti za mwavuli. Endelea hadi utosini pande zote mbili zikutane. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa uzi wa rangi nyingine, geuza, tazama kwa nje. Kama marinda ya kulia hayalingani na ya kushoto, fumua sasa. Mimi hufumua mara mbili karibu kila joho.

Yakikaa sawa, chukua uzi wa kitani ulioongezwa mara mbili na kutiwa nta. Kwa ndani, pitisha sindano kwenye kichwa cha kila rinda, karibu kabisa na ukingo, yote 16 kwa mzunguko. Vuta taratibu. Tundu litajifunga kama mdomo wa mfuko wa sarafu. Vuta tena, piga fundo, pita mzunguko wa pili, na sasa kastabini itajulikana kazi yake. Mwisho shona marinda jirani kwa jirani kwa mishono mifupi ya kuzungushia, sentimita moja tu kutoka katikati. Kata kiduara cha hariri cha sentimita 4, kunja ukingo wake, kifunike kile kichwa cha marinda kwa ndani. Bandi itolewe mwisho. Usipige pasi kwa kugandamiza. Shikilia pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, mvuke upite, kisha uyapange marinda kwa vidole na kuyaacha yapoe.

Bitana ya kofia kata kipimo hichohicho. Shona nyuma vilevile, lakini badala ya marinda piga bandi ndogo kuzunguka ukingo ulio wazi, vuta, funga. Ingiza ndani ya kofia, mshono kwa mshono, ushikize katikati ya nyuma. Mbele usoni, kunja hariri nusu sentimita, uishone milimita tatu nyuma ya ukingo wa sufu. Sufu yenyewe ibaki mbichi, imekatwa tu.

Shingo

Ukingo wa shingo ya joho ni kama sentimita 63. Chini ya kofia ni 70, baada ya mshono wa nyuma kula mbili. Vyote viwili vinatakiwa viishie kwenye shingo yako iliyolegezwa, tuseme 48: pima shingo, ongeza 8 au 10.

Kwenye joho, acha sentimita 10 kila upande wa mbele bila rinda. Punguza zile 15 kwa marinda madogo kumi juu ya mabega na nyuma. Hayo ndiyo yatakayolipa bega nafasi, maana joho hili halina mshono wa bega. Kwenye kofia, weka marinda mengi nyuma. Angalizo moja: rinda la kofia lisikae juu ya rinda la joho. Yapishane. Yakikaa pamoja utakuwa unashona tabaka sita za sufu na sindano itavunjika, nami nimeshavunja za kutosha.

Unganisha kofia na joho, uzuri kwa uzuri, katikati ya nyuma kwanza, kisha ncha, kisha sehemu zilizo kati yake. Mshono wa kurudi nyuma, uzi wa kitani, sentimita moja, mishono mitatu kwa sentimita. Huu ndio mshono pekee unaobeba uzito: joho zima litakuwa kama kilo moja na nusu, na likinyeshewa huongezeka. Kwa hiyo ukimaliza rudi tena nyuma na mstari wa pili. Laza mabaki ya mshono chini, yafunike kwa ukanda wa hariri au kitani wa sentimita 3 uliokunjwa kingo, ushonwe juu na chini kwa mishono isiyotokeza nje.

Mbele, utepe na ukingo wa chini

Ukanda wa hariri wa upana wa sentimita 5 ushonwe kwa ndani kwenye kila ukingo wa mbele, toka shingoni hadi chini. Unazuia mbele isivutike na huonekana vizuri joho likipeperuka. Hapa usiwe na haraka ya kuvuta uzi: hariri ikibanwa kuliko sufu, mbele itapanda juu kama pazia lililofuliwa vibaya.

Utepe kata vipande viwili vya sentimita 60. Ncha moja ikunje mara mbili, iweke kwenye kona ya shingo kwa ndani, chini yake utie kiraka cha kitani, shona mraba wenye msalaba katikati. Bila kiraka utepe utang'oa sufu siku mtu atakapokanyaga joho lako kwenye ngazi.

Kisha litundike. Mtu avae au uliweke kwenye umbo la kushonea, siku nzima na usiku wake. Sehemu za nusu duara zilizokatwa hanamu (kwa mshazari wa nyuzi) hushuka kidogo, sentimita moja au mbili, wakati katikati ya mbele haishuki. Baada ya hapo mvaaji asimame wima, wewe upige magoti na rula, upime kutoka sakafuni, utie chaki, ukate kilichozidi kwa mikato mirefu ileile. Ukingo usikunje, usishone, usitie utepe.

Kwa mkono, joho lote ni kazi ya saa 12 hivi, nne kati yake ni za marinda peke yake. Likichafuka matope acha yakauke kwanza, kisha ulipige brashi kuelekea vinyweleo vinakolala. Kulihifadhi, likunje na majani makavu ya mwarobaini ndani ya mfuko wa pamba, na kila baada ya miezi miwili ulitoe juani upande wa ndani ukiwa nje, kwa sababu nondo wa nguo hapendi kusumbuliwa.